Kusomea uzamifu katika chuo kikuu cha kibinafsi Marekani: kabla ya jina la chuo, uliza fedha na msimamizi

Ndugu muulizaji ameeleza kwamba amekubaliwa kusomea shahada ya uzamifu (PhD) ya biolojia na vyuo vikuu viwili vya Marekani, kimoja cha jimbo na kingine cha kibinafsi kinachosifika kwa utafiti. Mjomba wake, ambaye ndiye aliyemlipia karo tangu shule ya upili, anamsihi achague kile cha serikali, kwa sababu anaamini kwamba chuo cha kibinafsi ni biashara ya mtu na gharama yake itaifilisi familia. Yeye mwenyewe anauliza maisha ya mwanafunzi wa uzamifu katika chuo cha namna hiyo yakoje, mbali na yale yanayoandikwa katika tovuti zao. Mimi nilisomea huko, katika chuo ambacho sitakitaja kwa sababu baadhi ya nitakayoyasema si ya kukisifu, nikahitimu, na sasa nimerudi nyumbani ninafundisha. Nitajibu kwa kirefu, na wenzetu waliosomea historia, fasihi au uchumi wataongeza pale ambapo mambo yao yanatofautiana na ya sisi watu wa maabara.

Nianze na mjomba, kwa kuwa hofu yake ina msingi kwa mtu aliyeyaona mambo ya hapa kwetu. Kwa miaka mingi nchini Kenya, aliyefanya vizuri katika KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, alichukuliwa na chuo cha umma kwa msaada wa serikali, na chuo cha kibinafsi kikawa mahali pa yule ambaye alama zake hazikutosha lakini mfuko wa wazazi wake ulitosha. Ukitaka maabara na walimu wenye majina katika sayansi, ulikwenda kwenye vyuo vya umma vya Chiromo, Kabete, Njoro au Juja. Marekani historia ilipita njia nyingine. Harvard kilianzishwa mwaka 1636, karibu miaka 140 kabla ya nchi yenyewe kujitangazia uhuru. PhD za kwanza kabisa nchini humo zilitolewa na Yale mwaka 1861. Johns Hopkins, kilichofunguliwa Baltimore mwaka 1876 kwa mali aliyoiacha mfanyabiashara mwenye jina hilo, kiliufuata mtindo wa Ujerumani wa kumfanya mwanafunzi kuwa mtafiti, na baada yake wakaja wengine, Chicago kwa fedha za Rockefeller na Stanford kwa utajiri wa reli. Vyuo 14 vilipokutana mwaka 1900 kuunda Umoja wa Vyuo Vikuu vya Marekani, 11 kati ya hivyo vilikuwa vya kibinafsi; vya umma vilikuwa California, Michigan na Wisconsin tu.

Wala si biashara ya mtu. Vipo vyuo vya kutafuta faida huko Marekani, na mjomba akivishuku hatakuwa amekosea, lakini havimo katika kundi hili. Vyuo ninavyovizungumzia havina wenye hisa wanaogawana faida. Vina bodi ya wadhamini na mali ya wakfu, yaani mtaji uliochangwa na wafadhili kwa vizazi, ambao wenyewe hubaki ukiwekezwa na mapato yake ndiyo yanayotumika, tena sehemu kubwa ya mapato hayo imefungwa kwa masharti ya aliyetoa. Mwambie mjomba hivyo. Kama ni mtu wa Pwani, wakfu anaujua na hatahitaji maelezo zaidi.

Kuhusu karo, katika vyuo vingi vya aina hii karo ya mwaka mmoja hupita dola 60,000, nawe utaiona imeandikwa katika barua yako kwa tarakimu za kutisha. Chini yake kutakuwa na mstari mwingine unaosema kwamba chuo kimeilipa yote kwa niaba yako. Katika uzamifu wa sayansi hakuna mwanafunzi anayeitoa mfukoni, na anayeambiwa aitoe mfukoni hajapewa nafasi ya kweli. Hata hivyo, wasomaji wengine wasichukue maneno haya wakayapeleka kwenye uzamili, kwa sababu huko mambo ni kinyume: mwanafunzi wa uzamili katika chuo kilekile, katika jengo lilelile, mara nyingi hulipa karo kamili, na idara nyingi huitegemea karo hiyo kama chanzo cha mapato. Nimewaona vijana wenye akili nyingi wakiuza shamba la familia kwa ajili ya uzamili wa mwaka mmoja ambao haukuwafungulia mlango wowote. Hapo ndipo hofu ya mjomba ingekuwa mahali pake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa ulibebe kuliko mengine yote. Mwanafunzi wa uzamifu haingii chuo, bali huingia idara, na baada ya mwaka mmoja huwa ameingia maabara ya mtu mmoja na mfuko wa fedha wa mtu huyo. Jina kubwa lililoandikwa langoni litakusaidia siku ya kutafuta kazi, lakini kitakachoamua kama utalala usingizi katika mwaka wako wa nne ni mambo mawili: fedha zinazokulipa posho zinatoka wapi, na aliye juu yako ni mtu wa namna gani.

Katika programu nyingi za biolojia, posho ya mwaka wa kwanza hutolewa na chuo au idara. Ukishachagua maabara, mzigo huo humhamia msimamizi wako, ambaye hukulipa kutoka katika ruzuku za utafiti alizoshinda, hasa za NIH, taasisi ya taifa ya afya, au NSF, wakfu wa taifa wa sayansi. Ruzuku kuu ya NIH, ile iitwayo R01, aghalabu ni ya miaka minne au mitano, na uzamifu wa biolojia huchukua mitano hadi sita, au zaidi. Ukipiga hesabu utaona kwamba ruzuku iliyokuwepo siku ulipoingia karibu kila mara itakuwa imekwisha kabla hujamaliza, na posho yako itategemea kama iliyofuata ilipatikana. Kwa sisi wageni kuna ugumu mwingine, kwamba ruzuku za mafunzo ambazo NIH huzipa idara kwa ajili ya wanafunzi ni za raia na wenye ukaazi wa kudumu pekee, na ufadhili maarufu wa NSF kwa wanafunzi wa uzamifu ni vivyo hivyo. Mwenzako Mmarekani aliyeketi meza ya pili ana vikapu vitatu vya kutoa posho, wewe una kimoja na nusu. Hii ndiyo sababu mojawapo ya programu nyingi kuchukua wageni wachache kuliko wanavyostahili, na ndiyo sababu chuo chenye wakfu mkubwa kinaweza kukufaa wewe kuliko kinavyomfaa yule Mmarekani, kwa kuwa kina fedha zake chenyewe zisizouliza pasipoti.

Nusu hiyo ya kikapu, yaani fedha za chuo chenyewe, hata hivyo, imeanza kutoboka. Februari 2025 NIH ilitangaza kwamba fedha za uendeshaji inazovilipa vyuo juu ya gharama za utafiti wenyewe zitashushwa hadi asilimia 15, ilhali baadhi ya vyuo vikubwa vya kibinafsi vilikuwa vikipata zaidi ya asilimia 60. Mahakama ilizuia hatua hiyo, lakini vyuo kadhaa vilikuwa vimekwisha kuogopa na kupunguza nafasi za wanafunzi wapya wa uzamifu. Julai ya mwaka huo ikapitishwa sheria inayopandisha ushuru wa mapato ya wakfu wa vyuo vya kibinafsi, kutoka asilimia 1.4 hadi kufikia 8 kwa vile vyenye mali nyingi zaidi kwa kila mwanafunzi. Mwezi wa Agosti, Chicago kikatangaza kusitisha kwa muda kupokea wanafunzi wa uzamifu katika idara kadhaa za sanaa. Sisemi haya ili kukukatisha tamaa. Ninayasema kwa sababu wakati wangu mtu aliweza kuamini kwamba chuo tajiri hakitikisiki, na leo hiyo si imani ya kuijengea miaka sita ya maisha.

Posho yenyewe hutosha mtu mmoja asiye na anasa, mradi ajue itakavyoanza. Utafika mwezi wa Agosti, mwenye nyumba atataka kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana inayokaribia kodi ya mwezi mwingine, na posho ya kwanza katika vyuo vingi hailipwi hadi mwisho wa Septemba. Katikati hapo kuna godoro, koti, na nauli. Baadhi ya idara hutoa malipo ya kukuhamisha au mkopo usio na riba kwa mwanafunzi anayefika, lakini ni lazima uombe. Wenyeji hawafikirii kwamba mtu anaweza kuwasili bila dola elfu mbili benki. Mimi niliokolewa na mwanafunzi wa mwaka wa tatu kutoka Ghana aliyekuwa na kitanda cha ziada, na baada ya hapo sisi wawili tukawa tunaiandikia ofisi ya idara kila mwaka, mwezi wa Juni, kuwakumbusha kwamba wageni wanakuja.

Halafu kuna ushuru. Kenya haina mkataba wa ushuru wa mapato na Marekani, kwa hiyo posho inayotolewa kama ufadhili bila kazi hukatwa asilimia 14 kabla haijakufikia. Nakumbuka tukiwa wawili mbele ya kompyuta moja, mimi na mwenzangu kutoka China, posho yetu kwa maandishi ni sawa hadi senti ya mwisho, na kilichoingia benki yangu ni kidogo kuliko chake kwa sababu nchi yake ina mkataba. Hakuna aliyekuwa ametudhulumu. Ni sheria tu. Lakini ukiambiwa posho ni kiasi fulani kwa mwaka, piga hesabu ya kile kitakachobaki, kisha ukilinganishe na kodi ya nyumba ya mji ule. Dola 40,000 za Durham au St. Louis si dola 40,000 za Boston au Palo Alto, ambako nyumba ni ghali.

Bima ya afya kwa kawaida imo katika ufadhili. Meno na macho huwa kando. Mke, mume na watoto pia huwa kando, na hapo gharama hupanda kwa namna itakayokushangaza, tena mwenzi anayekuja kwa viza ya F-2, ile ya familia ya mwanafunzi, haruhusiwi kufanya kazi. Ukiwa na familia, uliza jambo hili kabla ya jambo jingine lolote.

Niseme juu ya mwaka wa kwanza, kwa sababu ndio unaoamua mengine. Katika programu nyingi za biolojia utapita katika maabara tatu, kila moja kwa majuma kama kumi, kisha wewe na mmoja wa maprofesa hao mtachaguana. Watu hudhani kwamba katika majuma hayo ni wewe unayepimwa. Ni kweli unapimwa, lakini nawe unayo macho. Maabara ya kwanza niliyopita ilikuwa ya profesa mwenye jina kubwa, yenye watu zaidi ya ishirini, ambapo yeye mwenyewe alionekana katika mkutano wa Jumatatu akitoka uwanja wa ndege au akielekea huko, na mwanafunzi alifundishwa na watafiti waliokwisha kuhitimu. Ya pili ilikuwa ya profesa kijana aliyekuwa hajathibitishwa kazini, aliyekuwa na wanafunzi watatu, na ambaye alishika pipeti, bomba dogo la kupimia vimiminika, yeye mwenyewe kila siku pamoja nasi. Kwa wa kwanza ungeweza kupotea miezi sita bila mtu kujua kwamba jaribio lako limekwama. Kwa wa pili hungeweza kupotea hata mchana mmoja, kwa kuwa uthibitisho wake wa kazi ulitegemea matokeo yako. Wapo wanaostawi kwa huyu na wapo wanaostawi kwa yule. Binafsi naona kwamba mgeni, ambaye hana mjomba wala rafiki wa kumweleza mambo yanavyokwenda, hufaidika zaidi na maabara ndogo, ingawa hatari ya fedha ni kubwa zaidi huko.

Katika ile maabara kubwa nilitumwa siku moja kupanga friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, kazi anayopewa mgeni. Ndani yake, chini ya barafu, mlikuwa na masanduku yenye sampuli za watu walioondoka, kila moja limeandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito. Niliyasoma majina hayo kwa sauti mbele ya mtafiti mmoja wa miaka mingi, nikiuliza nani bado anazihitaji sampuli zake. Huyu yuko San Diego katika kampuni ya dawa, tupa. Huyu ni profesa sasa, muulize kwa barua pepe. Nilipofika kwenye majina mengine matatu alisema tu kwamba hawakumaliza, akageuka kuendelea na kazi yake. Nilipata katika dakika zile maelezo ambayo hayamo katika tovuti yoyote ya idara. Wewe huhitaji friza. Inatosha kuuliza kila mwanafunzi utakayezungumza naye waliopita katika maabara hiyo kwa miaka kumi iliyopita wako wapi, wangapi walihitimu, na wangapi waliondoka na uzamili tu.

Mkutano wa maabara ndio mahali ambapo malezi yetu hupata shida. Kule tunaitana majina ya kwanza, profesa kwa mwanafunzi, na hilo utalizoea kwa mwezi, hata kama mwanzoni ulimi unakataa. Lililo gumu zaidi ni kwamba kila mtu anatarajiwa kukosoa. Mwanafunzi wa mwaka wa pili husimama na kumuuliza mtafiti aliyemzidi miaka kumi sampuli zake za kulinganishia ziko wapi, mbele ya wote, na aliyeulizwa hujibu au husema hakuzifanya, kisha wote huenda kula pamoja. Mimi niliyelelewa kungoja mwalimu amalize ndipo nimfuate ofisini kwa faragha, nilionekana kwa muda mrefu kuwa mtu asiye na mawazo. Msimamizi wangu alikuwa na hekima ya kuniambia niandike swali moja kabla ya kila mkutano na niliulize hata kama limekwisha kujibiwa nusu. Ni ushauri wa kawaida mno, lakini ulifanya kazi kuliko semina zote za chuo za kuwakaribisha wageni.

Ustadi huo ndio unaopimwa katika mtihani wa kufuzu, ambao katika programu nyingi huja mwaka wa pili. Utaandika pendekezo la utafiti, kisha uketi na kamati ya maprofesa wanne au watano, mara nyingi msimamizi wako akiwa ameombwa asiwepo. Wataanza na pendekezo, lakini hawatabaki humo. Mmoja atakwambia chora ubaoni njia ya utafiti wako kama kinga ya mwili isingekuwepo. Mwingine atakuuliza ungepata matokeo gani kama nadharia yako ni ya uongo. Watakusukuma hadi ufike mahali ambapo hujui, kwa sababu wanataka kuona unafanya nini ukifika hapo. Kwa aliyezoea mitihani yetu, ambapo kusema sijui ni kupoteza alama, hili ni geni sana. Aliyesema kwamba hajui, kisha akaeleza angetafutaje, alipita. Niliyemwona akiambiwa arudie ni mwanafunzi hodari aliyeendelea kujibu kwa ufasaha swali ambalo hakulielewa.

Ufundishaji nitaupita upesi. Utawasimamia wanafunzi wa shahada ya kwanza katika maabara zao kwa muhula mmoja au miwili, pengine zaidi, na sheria ya viza ya F-1, ile ya mwanafunzi mwenyewe, hairuhusu kufanya kazi chuoni zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Wanafunzi hao, ambao wengi wamesomea shule za gharama kubwa, watakuja kudai nusu alama kwa adabu na kwa hoja, na ni vizuri uwe umeandika vigezo vya kusahihisha kabla hujaanza. Katika vyuo kama MIT, Stanford na Chicago, wanafunzi wa ngazi za juu ni wengi kuliko wa shahada ya kwanza, lakini nyasi zilizopangwa vizuri, kumbi za kulia na wahitimu wanaorudi na hundi zao vyote ni kwa ajili ya hao wa shahada ya kwanza. Mwanafunzi wa uzamifu ni mfanyakazi anayeishi pembeni ya sherehe.

Na suala la kama kweli ni mfanyakazi lina historia ndefu ambayo inavihusu vyuo vya kibinafsi kwa namna ya pekee. Sheria ya taifa ya mahusiano ya kazi haiwagusi waajiriwa wa serikali za majimbo, kwa hiyo mwanafunzi wa chuo cha jimbo hutegemea sheria za jimbo lake, ilhali wa chuo cha kibinafsi hutegemea uamuzi wa Bodi ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi, na bodi hiyo imebadilika kila upepo wa siasa ulipogeuka. Mwaka 2000, katika shauri la Chuo Kikuu cha New York, ilisema wanafunzi wanaofundisha ni waajiriwa wenye haki ya kuunda chama. Mwaka 2004, katika shauri la Brown, ikasema si waajiriwa. Mwaka 2016, katika shauri la Columbia, ikarudi ilikotoka. Baada ya hapo, hasa mwaka 2022 na 2023, vyuo vikapiga kura kimoja baada ya kingine, MIT, Northwestern, Yale, Johns Hopkins, Chicago, Stanford, Duke, Cornell, na katika kadhaa kati ya hivyo waliokubali chama walizidi asilimia 90. Mkataba wa kwanza wa Johns Hopkins, wa mwaka 2024, uliweka kima cha chini cha posho cha dola 47,000 kwa mwaka.

Wanafunzi wa kigeni, mimi nikiwemo, tulisita mwanzoni kuhudhuria mikutano hiyo, kwa kuogopa kwamba jina letu likiandikwa mahali viza itaguswa. Kujiunga na chama ni haki ya kisheria hata kwa mwenye viza ya mwanafunzi, na faida niliyoiona mimi haikuwa fedha peke yake. Ilikuwa utaratibu wa malalamiko ulioandikwa. Kabla yake, mwanafunzi aliyetukanwa au kunyimwa likizo na msimamizi alikuwa na mahali pamoja pa kwenda, kwa mwenyekiti wa idara, ambaye ofisi yake inatazamana na ya huyo msimamizi na watoto wao wanasoma shule moja.

Jambo linaloumiza zaidi nililoliona halikuhitaji mtu mbaya yeyote. Mwenzangu mmoja alikuwa mwaka wa nne wakati msimamizi wake alipopata kazi katika chuo kingine, upande wa pili wa nchi. Maprofesa wa vyuo hivi hununuliwa na vyuo vingine kama wachezaji wa kandanda, na maabara nzima huhama, mashine, panya na friza. Aliambiwa katika mkutano wa kawaida, pamoja na wengine, kwamba kufikia kiangazi maabara haitakuwepo. Angeweza kuhama na profesa na kuendelea kuandikishwa chuo cha zamani akiwa anaishi mji mpya wenye kodi ya nyumba mara mbili. Angeweza kutafuta maabara nyingine na kuanza utafiti karibu upya. Au angeweza kuondoka na uzamili. Barua yake ya kukubaliwa iliahidi ufadhili wa miaka mitano mradi maendeleo yake yanaridhisha, na ofisi ya idara ilitumia majuma mengi ikijadili kama mwanafunzi aliyepoteza maabara bila kosa anaendelea kuridhisha. Mwishowe chuo kilimlipia mwaka mmoja kutoka mfuko wake, na alihitimu, lakini aliupata mwaka huo kwa sababu alikuwa amehifadhi kila barua pepe tangu siku ya kwanza. Uliza, kwa maandishi, nini humpata mwanafunzi katika hali hiyo. Idara nzuri ina jibu tayari, kwa kuwa jambo hili limekwisha kuitokea mara nyingi.

Upweke sitauzungumzia sana, kwa sababu unategemea mtu. Katika idara yangu Waafrika tulikuwa wachache kiasi kwamba tulijuana kwa majina ya wazazi. Chuo cha jimbo kilichokuwa saa mbili kwa gari kilikuwa na chama kikubwa cha Wakenya, kwaya, na mama mmoja aliyeuza unga wa ugali uliopikika, na tulikuwa tukienda huko sikukuu ya Madaraka. Kwa upande huo chuo chako cha jimbo huenda kikashinda. Kinaweza kushinda hata kwa sayansi yenyewe: Berkeley, Michigan na Wisconsin havihitaji utetezi wangu, na maabara nzuri katika chuo cha jimbo ni bora kuliko maabara mbovu katika chuo ambacho jina lake mjomba wa mtu mwingine analijua. Kwa ujumla wake utafundisha zaidi huko, na bajeti ya jimbo ikikatwa utaisikia mapema.

Kwa hiyo kabla hujajibu vyuo vyote viwili, andika barua pepe mbili au tatu. Kwa mkurugenzi wa masomo ya uzamifu, uliza posho ya mwaka wa tatu na kuendelea hulipwa na nani kwa mwanafunzi asiye raia, na chuo hufanya nini ruzuku ya msimamizi ikikatika. Kwa maprofesa unaowafikiria, uliza kama wanatarajia kuchukua mwanafunzi mwaka huo, na wana fedha za kumweka kwa muda gani. Hilo huulizwa kila siku kule na hakuna atakayeona umemkosea heshima. Kwa wanafunzi wa sasa, hasa wageni, omba kuzungumza kwa simu badala ya barua pepe, kwa sababu kuna mambo ambayo mtu hayaandiki. Vyuo vingi vya Marekani vimetia saini makubaliano ya Baraza la Shule za Uzamili yanayompa mwanafunzi hadi Aprili 15 kuamua kuhusu ufadhili aliopewa, kwa hiyo idara ikikusukuma ujibu mapema, waulize kwa adabu kama chuo chao kimo katika orodha hiyo. Ukipata majibu, yalete hapa bila kutaja majina ya maprofesa, nasi tutayasoma pamoja nawe.